Dawa Inalala Wapi?

11 Februari

Mke wangu Aziza anasema mwanamume wa miaka hamsini na tatu akianza kuandika mambo yake ya kila siku, ama ameoa kwa siri, ama anakaribia kufa. Nimemjibu kwamba ninaandika makala ya kisayansi na nahitaji mahali pa kutupia maneno yasiyo ya kisayansi. Akasema, "Basi hapo patajaa upesi."

Makala yenyewe iko hivi. Mimi ni mfamasia wa hospitali hapa Rumonge. Kazi yangu ni kutoa dawa na kugombana na panya. Mwaka jana, kwenye vituo vya afya vya kando ya ziwa, akina mama kadhaa walivuja damu baada ya kuzaa. Wakachomwa sindano ile ya kukaza kizazi, na damu haikusimama. Mimi na Dogiteri Pontiani wa wodi ya wazazi tukakusanya vichupa vya dawa hiyo, toka Gatete mpaka Nyanza-Lac, tukavipeleka Bujumbura kupimwa. Karibu nusu vilikuwa dhaifu.

Dawa hii haipendi joto. Isipokaa kwenye firigo inakufa kimya kimya: rangi ile ile, kichupa kile kile. Kwa hiyo ilibidi tuulize inatunzwaje. Lisansi ya pikipiki hakuna, barabara imekatika. Tukauliza kwa simu. Dogiteri alikuwa ametunga swali refu la Kifaransa lenye neno conservation, yaani utunzaji, katikati. Nikamwambia, "Ukiuliza hivyo watakujibu oui ili ukate simu." Nikatunga langu: dawa inalala wapi? Hakuna mtu wa pwani hii asiyeelewa hilo. Nao wakajibu bila kusita, "Inalala ndani, muzee." Kila kituo kilipewa firigo, nilizisaini mwenyewe zilipopita hapa. Basi dawa haikuharibikia kwetu, ilikuja mbovu toka ilikotengenezwa. Hilo ndilo tunalotaka kuiambia dunia.

Mvua tangu asubuhi.

14 Februari

Jarida linataka marejeo yaandikwe hivi: jina la ukoo, koma, herufi ya kwanza, nukta. Nimetia nukta siku nzima. Aziza ametazama kompyuta akasema angekuwa amepanda shamba zima la maharage kwa nukta hizo.

20 Februari

Dogiteri Pontiani amekuja na mwavuli uliovunjika na swali lililonyooka: jina la nani linatangulia? Kuna chuo Bujumbura kinachomngoja awe mwalimu, ila bila makala iliyochapishwa hakuna kiti. Ni mtu mzuri, mwembamba, anatembea kama aliyechelewa hata akienda chooni. Nikamwambia jina langu, Abdoulkarim, linaanza na A, kwa hiyo Mungu mwenyewe ameshaamua. Akacheka, akakubali jina lake liwe la mwisho, akaondoka mwepesi kabisa. Baadaye nimesoma kwamba katika makala za namna hii wakubwa ndio hukaa mwisho. Kumbe ndiyo maana alikubali upesi.

21 Februari

Mvua. Nukta.

25 Februari

Binti yetu Fahima amekuja toka Kigwena, tumbo limemtangulia mlangoni. Mimba ya kwanza. Mumewe Juma anauza mawese, na msimu huu wezi wamezidi, kwa hiyo vidumu vya mawese vinalala ndani.

"Baba, ninalala katikati ya Juma na vidumu," akasema Fahima. "Heri vidumu, havikoromi."

Aziza alicheka mpaka akashika ukuta. Hata jirani yetu, moteri ya mtumbwi wake inalala ndani, kando ya godoro la watoto, na nyumba nzima inanuka lisansi ambayo sisi wengine hatuioni. Ndiyo pwani yetu: kitu cha thamani kinalala na mwenyewe.

Aziza anataka Fahima ajifungulie hapa hospitalini. Fahima hataki. Anampenda Elda, muuguzi wa kituo cha Kigwena, ambaye amezalisha nusu ya kijiji na kuigombeza nusu ya pili. Nikatoa hukumu kwa sauti ya mwandishi wa jarida: "Mwacheni. Kwa Elda dawa inatunzwa vizuri, nimeandika mwenyewe. Nami nitampelekea katoni yenye namba nyingine ya kiwandani, iliyopimwa."

Aziza akaniangalia tu. Ana macho fulani ya kuniangalia ninapotumia sauti hiyo.

3 Machi

Tumetuma. Umeme ulikatika mara mbili katikati ya kupandisha majedwali. Mara ya tatu Dogiteri alikuwa anasali Salamu Maria na mimi Ya Latifu, na mojawapo imefika. Jarida limejibu papo hapo kwa barua ya mashine inayotuita "Waandishi wapendwa." Dogiteri ameisoma mara nne.

9 Machi

Elda amepiga simu saa moja asubuhi. Hakusalimia. Akasema, "Muzee, njoo uone dawa yenu."

Nilipofika Kigwena walikuwa wameshamfunika. Mwavita, mke wa Kabwe mvuvi. Watu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, waliovuka zamani na kubaki. Nilimjua: alikuwa akianika ndagala pale njiani, na nikipita na pikipiki hupiga kelele, "Farmasiyeni, punguza vumbi, unatia chumvi samaki wangu!" Mtoto mzima, mvulana, alikuwa analia kwenye chumba cha pili kama mtu anayedai haki yake.

Elda alikaa chini, mgongo ukutani, mikono imewekwa juu ya magoti kama si yake.

"Nilimupiga sindano moja," akasema. "Nikamupiga ya pili. Nikamupiga ya tatu. Ni kama ninamupiga maji. Nikasema tumupakie aende Rumonge, gari iko wapi? Alikuwa ananiangalia, muzee. Aliniambia, 'Elda, ninasikia baridi.' Na jua lote hili."

Nikachuchumaa. Nikamwambia nilichokijua: "Si kosa lako. Dawa ilikuja mbovu toka kiwandani. Tumepima, tumeandika, tumetuma Ulaya."

Alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika kidumu. Nililiona linavyomwingia, mabega yakashuka.

Nje, Kabwe alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, la ndagala za mkewe. Nikamwambia vile vile. Akauliza, "Kwa hiyo ni watu wa mbali?"

"Ni kiwanda, ndugu yangu. Mbali sana."

Akatikisa kichwa taratibu. Hasira ikiwa na mahali pa mbali pa kwenda, inampumzisha mtu kidogo. Nilirudi nyumbani nikiamini nimefanya jambo jema. Nilimwachia Elda ile katoni ya namba nyingine.

12 Machi

Mfungo umeanza. Mvua pia haikuacha.

21 Machi

Mkutano wa wilaya. Kuna wafadhili wanaleta firigo za umeme wa jua, chache, kwa ajili ya dawa za wazazi. Mkuu wa afya akauliza: pwani au milimani? Watu wote wakanigeukia, mtu wa makala. Nikasimama, nikasoma muhtasari wetu: vituo vya kando ya ziwa vinatunza dawa ipasavyo. Wakaamua firigo ziende milimani. Watu wakapiga makofi. Njaa ya mfungo inaipa sauti yangu heshima ambayo haina siku nyingine.

29 Machi

Joto kali baada ya mvua. Mabati yanalia kama mahindi yanayokaangwa.

10 Aprili

Iddi. Pilau. Fahima hakuweza kuja, miguu imevimba. Aziza alinyamaza siku nzima, hata kunitania hakunitania. Hilo linanitisha kuliko ugomvi.

16 Aprili

Jarida limejibu! Wakaguzi wawili. Wa kwanza anasema kazi yetu ni muhimu na Kiingereza chetu ni cha kusikitisha. Wa pili ana mambo madogo madogo, na moja la kuchekesha: anataka tuandike swali letu kuhusu utunzaji wa dawa neno kwa neno, katika lugha tuliyotumia, na tuseme kama kuna aliyekwenda kuona kwa macho.

Nimecheka peke yangu kwenye chumba cha dawa. Mzungu wa watu, amekaa na theluji yake, anataka kujua dawa inalala wapi Kigwena.

Dogiteri alisema tumjibu kwa mstari mmoja. Lakini Aziza ananituma kwa Fahima na nguo za mtoto, basi nitapiga picha ya firigo ya Elda, tumzibe mdomo.

18 Aprili

Ninaandika polepole.

Nilifika kituoni adhuhuri, mvua imetoka kukatika, jua linachoma mgongo. Elda alinikaribisha vizuri. Tangu kifo cha Mwavita amekonda, ila bado ana ulimi.

"Amahoro, muzee. Umekuja kunipima na mimi?"

"Nimekuja kupiga picha. Nionyeshe dawa inapolala."

"Si nilikuambia kwenye simu? Ndani."

Akavua ufunguo shingoni. Hakunipeleka kwenye firigo. Alinipeleka kwenye kabati la chuma, pembeni ya chumba cha kujifungulia, chini ya bati tupu lisilo na dari. Kufuli kubwa kama kobe. Alipofungua, hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama nimefunua sufuria.

Nikauliza, na sauti yangu niliisikia toka mbali, "Na firigo?"

"Ile? Toka ziwa lilipopanda mwaka juzi haiwake tena. Niliripoti. Tunaweka mule vitambaa vya wamama, panya hawafiki."

Nilichukua kichupa kimoja toka kwenye katoni ile niliyomletea mwenyewe. Kilikuwa na moto wa paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Iko salama kabisa, muzee," akasema Elda. "Wezi waliingia mpaka kwa padri. Hapa kwangu hakujapotea hata moja."

Alikuwa anajivuna. Alikuwa ametunza dawa yetu kama moteri, kama vidumu vya Juma, kama kitu cha thamani. Nilimuuliza swali la wezi, akanipa jibu la wezi.

Nikamwambia, "Vizuri, Elda." Kisha nikasema kwamba ninaichukua katoni hiyo kuikagua. Hakuuliza. Nje Fahima alikuwa ananingoja, ameshika kiuno, anatabasamu. "Baba, umekuja kuniona mimi au dawa?" Nilimbusu kichwani. Nikampa nguo za mtoto.

19 Aprili

Nimepiga simu vituo vyote, nikiuliza kama firigo inawaka. Gatete: kabati. Kingine: sanduku la bati chini ya kitanda cha mlinzi, na wamenisihi nisimwambie mtu. Ni Nyanza-Lac tu wenye firigo inayowaka. Nimetazama matokeo ya Bujumbura. Vichupa vya Nyanza-Lac vyote vilikuwa vizima. Vilikuwa vizima tangu siku ya kwanza, vimekaa kwenye jedwali langu vikinitazama.

Jioni nilimweleza Dogiteri. Alifunga mlango.

"Andika 'kwenye firigo,' basi. Nani atatoka Ulaya aje kufungua kabati la Kigwena?"

"Nami nimetoka Rumonge tu, nikalifungua."

"Karimu, kiti changu kinaamuliwa Juni."

"Firigo zimekwenda milimani kwa maneno yangu, Dogiteri. Mwanangu anazaa hapo."

"Mlete hapa azae. Makala uiache ilivyo." Kisha akaona alichosema, akakaa, akafunika uso. "Samahani. Samahani, ndugu." Lakini hakusema niiandike upya.

20 Aprili

Nilimwambia Fahima aje hapa. Miguu imevimba, barabara ni matope mpaka magotini, pikipiki zinaanguka. Mama mkwe wake amekataa, na kwa haki. Kwa hiyo nimepeleka vichupa vipya toka firigo ya hospitali, ndani ya chupa ya chai ya Aziza, na barafu niliyonunua kwa wauza samaki wa mikeke. Nimemwonyesha Elda: kitambaa kwanza, dawa isiguse barafu, barafu mpya kila asubuhi.

"Toka lini dawa inakula barafu kama samaki?" akauliza.

Nikasema, "Hii ni aina mpya. Inataka baridi."

Ndivyo nilivyosema. Miaka hamsini na tatu, mfungo umekwisha juzi tu.

24 Aprili

Mvua. Nimejaribu kumwandikia mkaguzi. Nimeandika "Tunamshukuru mkaguzi." Nikaacha hapo.

30 Aprili

Juma alipiga simu alfajiri: uchungu umeanza. Mimi na Aziza tulikwenda kwa pikipiki mpaka maji yalipofunika barabara, kisha kwa miguu, Aziza ameshika gauni mkononi na viatu kichwani. Kulia ziwa, kushoto michikichi imesimama ndani ya maji kama watu wanaongoja kuvushwa.

Mtoto alikuwa ameshafika. Msichana, mweusi wa kupendeza, ameukunja uso kama nyanya yake. Fahima alinicheka: "Baba, umelowa kama ndagala." Elda akatutoa nje. Hazikupita dakika nyingi.

Kwanza sauti ya Elda ilibadilika. Kupitia pazia niliona shuka, na ile rangi. Damu inapotoka hivyo haina kelele, ndiyo kinachotisha. Aziza alianza Yasini, akakosea, akaanza tena, yeye ambaye hakosei. Juma aliuliza, "Baba, ni kawaida?" Nikamwambia ni kawaida. Nilikuwa ninafikiria yale matope, kwamba barafu pengine haikununuliwa leo, kwamba soko la samaki nalo limejaa maji. Nilimsikia Fahima akisema, "Dada Elda, kuna baridi humu." Nikakaa juu ya kizingiti.

Kisha kizibo cha chupa ya chai kikafunguliwa. Nakijua kilio chake. Ni chupa yetu ya miaka mingi.

Sijui ulikuwa muda gani. Elda alitoka na mikono yake imelowa mpaka viwiko.

"Imesimama. Kizazi kimekaza kama jiwe. Atapona."

Aziza akaingia mbio. Mimi nilibaki, nikasema alhamdulillahi, nikasema murakoze, asante, nikasema sijui nini. Elda alikuwa ananawa kwenye ndoo, anaiangalia ile chupa.

"Nilimupiga moja tu, muzee."

"Alhamdulillahi."

"Mwavita nilimupiga tatu." Alinawa tena mikono iliyokwisha kutakata. "Hii si aina mpya. Ninajua kusoma. Jina ni lile, kiwanda ni kile."

Nikaokota kizibo, nikaifunga chupa.

"Ile ya Mwavita ililala kabatini," akasema. Hakuuliza.

"Mimi ndiye niliyekuuliza vibaya, Elda."

"Na mimi ndiye nilikuwa na ufunguo."

Akauvua shingoni, akauweka juu ya ukingo wa dirisha, akaingia kumwangalia mwanangu.

6 Mei

Nimetuma majibu. Nimeandika swali neno kwa neno, na jibu neno kwa neno, na jinsi tulivyolielewa, na kabati. Nimeandika kwamba dawa ilikuwa nzima ilipotufikia, ikafia mikononi mwetu. Sentensi hiyo imenichukua siku tatu na haina hata rejeo moja.

Dogiteri ameomba jina lake litolewe. Alinitumia ujumbe wa Kifaransa, wenye adabu zote. Wodini sasa anasalimia viatu vyangu.

13 Mei

Maji hayajatoka soko la samaki. Wauza barafu wamehamia juu, karibu na barabara. Elda huenda mwenyewe na chupa. Kila asubuhi ananitumia maneno mawili kwa simu: "Imelala baridi." Hakuna salamu, hakuna utani. Nami namjibu, "Murakoze."

Mjukuu wetu ameitwa Aziza. Mwenye jina anajidai hakulitaka.

21 Mei

Jarida limejibu. Wananishukuru kwa uaminifu wangu. Kwa sababu ya mambo niliyoyaeleza kwa uaminifu huo, njia ya utafiti ina kasoro ya msingi na makala haiwezi kuchapishwa. Wananitakia heri. Nimemsomea Aziza. Hakucheka. Amenimegea chapati, akaisogeza upande wangu.

23 Mei

Nilikwenda kwa mkuu wa afya kuhusu firigo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Firigo haishuki mlima, Karimu," akasema. "Na wamama wa milimani nao wanazaa." Ni kweli. Nilimshukuru, nikatoka.

29 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Nimekwenda kwa Kabwe.

Elda alikuja nami, nilimkataza, akaja. Tulimkuta mlangoni pake anashona wavu. Mtoto, yule mvulana, alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, amenona, hana habari. Kabwe alitupa viti vyote viwili alivyo navyo, yeye akabaki kwenye lile beseni.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ya kisayansi, yakanikimbia yote.

"Mulisema ni kiwanda," akasema Kabwe.

"Nilisema hivyo."

"Mulisema ni mbali."

"Haikuwa mbali."

Alimtazama Elda, na Elda hakuinamisha uso. Alinitazama mimi. Sindano yake ya wavu ilikuwa imesimama hewani.

"Sasa ilikuwa nini?"

"Nilipiga simu," nikasema. "Niliuliza dawa inalala wapi. Nikajibiwa, ndani. Nikaridhika, nikaandika."

Aligeuza kichwa akaangalia nyumbani mwake. Mlango ulikuwa wazi. Niliiona moteri yake, imelazwa juu ya gunia, kando ya mkeka wa watoto.

"Ndani," akasema Kabwe, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya wengine. Kisha akanigeukia. "Ndani ya nini?"